Goti Jipya la Bi Hadda

Hakuna mwanamke wa mtaa wetu hapa Fez ambaye hajawahi kulala kifudifudi mbele ya Bi Hadda. Bibi harusi, mzazi aliyetimiza arobaini, mke wa kadhi, muuza mnanaa, wote amewasugua nongo kwenye sakafu ya moto ya hamamu, yeye kapiga magoti kwenye maji, glovu ya kusugulia mkononi, na mdomo haupumziki. Akikuambia geuka, unageuka. Akikuambia, "Mbavu gani hizi, mumeo anakulisha hadithi?" unanyamaza, maana uko uchi, utamjibu nini?

Kazi hiyo aliianza angali kigori, na jiwe la hamamu likamla magoti kidogo kidogo, wala hakulilaumu. La kulia ndilo lililoharibika zaidi. Ikafika mahali akawa anapanda ngazi za nyumbani kwake kwa makalio, kinyumenyume, huku akijicheka mwenyewe ili wengine wasipate nafasi. Lakini siku alipoanguka kazini, na wanawake wanne wakambeba juujuu kumtoa nje, ananing'inia kama godoro lililolowa, hakucheka. Alikaa chumba cha kubadilishia nguo akitazama ukuta. Kisha akamwambia shoga yake Zhor, aliyesugua pembeni yake miaka yote ile, "Mimi nakwenda kukatwa."

"Wee! Ukatwe mguu?"

"Mguu wa nini, mpumbavu wewe? Goti. Wanatoa bovu, wanatia la chuma. Nataka kutembea, Zhor. Sitaki kukimbia, sitaki kucheza harusini. Nataka nitoke niende ninakotaka, nisibebwe na mtu tena mpaka siku ya jeneza."

Basi akakatwa. Sindano ya ganzi walimchoma mgongoni, kwa hiyo kuanzia kiunoni kwenda chini hakuwa na habari, ila masikio yalikuwa macho. Nyuma ya pazia la kijani alisikia msumeno, halafu nyundo. Nyundo hasa, ko, ko, ko, kama yuko uwanja wa wafua shaba.

"Mnamgonga nani huko?" akauliza.

"Wewe, Mama," akajibu Daktari Sekkat bila kuacha kugonga.

"Haya, gongeni vizuri."

Akalala pale machozi yakimtiririkia masikioni, na hayakuwa ya maumivu. Alistaajabu tu. Binadamu anafunguliwa mfupa, anatiwa bawaba mpya, na huku anaongea na fundi! Subhanallah. Alitamani amshike mtu mkono amwambie, lakini wote waliokuwamo walikuwa na kazi.

Kesho yake asubuhi ndipo alipoiona ile chupa. Mpira mwembamba ulitoka kwenye bendeji, juu kidogo ya goti, ukateremka ubavuni mwa kitanda mpaka kwenye chupa iliyoning'inizwa chini. Ndani ya chupa mlikuwa na damu.

"Isikutishe," akasema sista Ghizlane, muuguzi wa wodi ile, msichana mrefu mwenye sauti ya kuamrisha. "Ndani ya goti pamebaki damu ya upasuaji. Tukiiacha humo goti litavimba, litakaza, halitakunjika. Chupa hii inainyonya polepole. Mpira usiuvute, usiulalie, na chupa isipande juu ya goti, ikae hukohuko chini. Mimi nitapima kinachoingia. Kikipungua na kuanza kuwa chepesi, kesho nautoa, unasimama."

"Kesho? Kusimama kwa miguu?"

"Ulitaka usimame kwa kichwa?"

Bi Hadda akampenda papo hapo. Sista alipoondoka, akageuza shingo akaitazama chupa, na hakuchoka kuitazama. Miili ya watu alikuwa anaijua kuliko ajuavyo vyungu vyake. Alijua mgongo wa nani una kovu, nani ana mimba kabla mwenyewe hajajua. Lakini yote hayo ni nje. Ngozi tu. Umri wote ule amesugua ukuta wa nyumba na hajawahi kuchungulia ndani, na leo kilichomo ndani yake yeye kinamtoka mbele ya macho yake, tone baada ya tone, na kila tone kabla halijaanguka linatetemeka kidogo. Akajikuta anasema "bismillahi" kila linapodondoka.

Mambo yakaharibika ilipokuja barafu.

Kwetu hapa baridi ndiyo mama wa maradhi yote. Ukiumwa shingo, umepigwa na baridi. Mwanamke asiposhika mimba, baridi imemwingia. Meno, tumbo, mpaka ukorofi wa mawifi, baridi. Na dawa yake ni joto, na kwenye mambo ya joto mtaa mzima ulikuwa unaenda kwa Bi Hadda. Sasa anakuja msichana na mfuko wa barafu, anaulaza juu ya mfupa uliokatwa jana!

"Binti yangu," Bi Hadda akamwuliza kwa upole, "mama yako yu hai?"

"Yu hai, alhamdulillahi."

"Anajua unachowafanyia wenzake?"

Ghizlane akacheka mpaka akashika kitanda. "Barafu inazuia uvimbe, Mama. Iache hapo mpaka nirudi." Akatoka. Hata mlango haujatulia, Bi Hadda alikwisha ukamata mfuko kwa vidole viwili, akautupa kwenye beseni chini ya kitanda, na akalifunika goti lake na blanketi.

Adhuhuri akaja Zhor, na sauti yake ilitangulia tangu ukumbini. "Mzazi hajambo? Umezaa chuma cha kiume au cha kike?"

"Cha kike, ndiyo maana kinanitesa. Una nini kikapuni?"

"Rfissa. Kuku, dengu na uwatu, mkate nimeuchambua mwenyewe. Si umezaa? Basi ule chakula cha uzazi." Zhor akaweka sufuria, akaketi, na jicho lake likaangukia beseni. Akauma kidole. "Toba! Wamekuwekea barafu?"

"Juu ya goti."

"Hawana mama hawa?"

"Nimewauliza hilohilo."

Zhor akatazama mlangoni, kisha akaingiza mkono chini ya sufuria akatoa furushi la sufi limefungwa kwa kamba. Ilikuwa chumvi, mawe ya chumvi yaliyochomwa kwenye tanuri la hamamu. "Nilijua tu," akanong'ona. "Nimekuja nayo mbiombio, bado ina moto wake. Funua."

"Bendeji imebana, joto halitafika."

"Wamekufunga utadhani umeiba." Zhor akailegeza ile bendeji nene ya juu, mzunguko baada ya mzunguko, akalilaza furushi juu ya goti, akarudisha blanketi. Mguu ulikuwa bado na usingizi wa dawa, kwa hiyo joto lilimfikia Bi Hadda kwa mbali, tamu, likipanda pajani. Akafumba macho.

"Unajisikiaje?"

"Nimerudi nyumbani."

Zhor alikuwa anajipapasa magoti yake mwenyewe bila kujijua. Nayo yalikuwa yamekwisha. Alishuka na kupanda kwa kushika kuta. "Nakutazama wewe, Hadda," akasema. "Ukitembea, na mimi nakwenda. Usipotembea, nitakuombea dua na kubaki na haya haya." Akambusu kichwani akaenda zake, kwani zamu yake ya mchana ilikuwa inamngoja.

Bi Hadda alikula, akashiba, akalala usingizi wa mtoto. Viatu vya Ghizlane vilimwamsha vikiwa bado ukumbini. Mkono wake ukafanya kazi kabla ya akili: ulilivuta furushi, ukalisukuma nyuma ya mgongo, chini ya mto.

Sista aliingia na utani mdomoni, lakini alipoinama kuiangalia chupa, utani wote ukaisha. Chupa iliyokuwa imetulia tangu asubuhi ilikuwa imejaa karibu na shingo, nyekundu kali, na mpirani damu ilikuwa inakimbia. Akafunua blanketi. Bendeji imelowa. Goti limejaa kama tikiti.

"Mama, umefanya nini?"

"Mimi? Nimelala."

Daktari Sekkat alikuja kwa haraka, kofia ya upasuaji bado kichwani. Alibonyeza, akatazama chupa, akabonyeza tena. "Ulianguka?"

"Hapana."

"Uliuvuta mpira? Umekunywa majani ya nyumbani, vidonge vya mtu?"

"Hapana, wallahi." Na hapo hakusema uongo.

"Bendeji nani kailegeza?"

"Ilikuwa inanibana."

Daktari akaufuata mpira kwa kidole mpaka kwenye bendeji. Halafu akamgeukia Ghizlane. "Kuna mshipa unavuja ndani na sijui kwa nini. Waambie waandae chumba. Tunafungua tena."

Bi Hadda akajiinua kwa viwiko. "Mkifungua tena, mwanangu, nitatembea?"

Huyu daktari hakuwa na tabia ya kupaka asali maneno. "Kila tukifungua, vijidudu vinapata njia. Vikifika kwenye chuma, huenda tukalazimika kukitoa. Siwezi kukuahidi, Mama."

Furushi lilikuwa linamchoma mgongoni, na sasa alilihisi vizuri sana. Akisema, Zhor atafukuzwa mlangoni kama mbwa. Akisema, mtaa mzima utajua kwamba yule bingwa wa joto kajichemsha goti lake mwenyewe, na watacheka mpaka Idi. Na lililomuuma kuliko hayo: kama joto ndilo lililofanya hivi, basi kitu alichokiamini maisha yake yote, alichokitia kwenye migongo ya watu kwa mikono yake miwili, hakijui kila kitu. Hilo kulimeza ni shida. Ghizlane alikwisha fika mlangoni kwenda kuwaita wabeba machela. Watu wa kumbeba.

Bi Hadda akajikaza kisabuni. Akaingiza mkono chini ya mto, akalitoa furushi, akamwekea daktari kiganjani.

"Hii nini?"

"Chumvi. Ya moto."

"Uliiweka wapi?" Akamtazama usoni, akaelewa. "Juu ya goti nililolitengeneza jana?"

"Lilikuwa na baridi, mwanangu."

Daktari akalipima uzito furushi lile kiganjani. Ghizlane alisimama pale mlangoni, na kama macho yangekuwa yanapiga, Bi Hadda angezimia. Kisha daktari akashusha pumzi, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, furushi bado mkononi. "Mama yangu angefanya hivihivi," akasema. "Ndiyo maana simruhusu kuja kazini kwangu. Sikiliza. Joto linapanua mishipa, damu inapita kwa wingi. Bendeji ndiyo iliyokuwa inaibana isitoke. Wewe umepanua mishipa na bendeji ukailegeza. Damu ifanye nini?"

"Itoke," akajibu Bi Hadda kwa sauti ndogo.

"Sasa angalau najua ninapigana na nini. Tunangoja kidogo kabla ya kukata. Ghizlane, funga bendeji upya, kaza. Mguu juu ya mito. Barafu pande zote. Na mpira ubane." Akamgeukia mgonjwa. "Mpira ukibanwa, damu iliyomo gotini inajisukuma yenyewe, mishipa inapata nafasi ya kuziba. Magharibi tunafungua kibano. Ikija kwa kasi, tunakwenda kukata. Ikija kwa matone, umeokoka."

Ghizlane alifunga, akikaza kila mzunguko. Aliikagua ngozi kwanza, akaona imewiva wekundu lakini haijatoka malengelenge. Akapanga mifuko ya barafu kuanzia pajani mpaka chini ya goti, na kila mfuko aliuweka kwa mkono mpole kuliko uso wake.

"Binti yangu, unanichukia?"

"Nakuchukia mpaka magharibi, Mama. Baadaye tutaona."

Alasiri ile Bi Hadda hakuisahau. Alilala na baridi yake. Iliingia taratibu, ikapita ngozi, ikapita nyama, na yeye aliyeikimbia maisha yake yote akabaki palepale akiisubiri imuue. Haikumuua. Ilikwenda chini, chini, mpaka mahali alipohisi mapigo yanagonga gotini, na yale mapigo yakaanza kupoa. Akaweka kiganja pajani asikilize. Alikuwa anaomba dua, lakini katikati ya dua alijikuta ananyamaza kwa mshangao, maana kule ndani, gizani, mahali ambapo hakuna jicho linafika, kitu kilikuwa kinajifunga chenyewe. Hakuna aliyekuwa anakishona. Daktari alikuwa kwa wagonjwa wengine. Sista alikuwa anagawa vidonge. Mwili wake, ule ule mzee aliouburura kwa makalio kwenye ngazi, ulikuwa unaziba vitundu vyake kimoja kimoja, kwa ajili yake, bila kumwomba hata shukrani.

"Yarabi," akasema. Hakuongeza kitu.

Adhana ya magharibi ikaanza mnara mmoja, ikadakwa na mwingine, mpaka Fez nzima ikawa inaita. Daktari Sekkat aliingia. Ghizlane akapiga goti sakafuni kando ya chupa mpya, tupu, akashika kibano.

"Tayari?"

Bi Hadda akashika ukingo wa kitanda. Akaitikia kwa kichwa. Ghizlane akafungua.

Kwanza ilishuka damu nzito iliyokuwa imesubiri mpirani, na wote watatu wakaacha kupumua. Ikaingia chupani yote mara moja. Baada yake mpira ukabaki mtupu. Wakangoja. Likaja tone. Likaning'inia, likatetemeka, likaanguka. Wakangoja tena, na lilipokuja la pili lilikuwa jepesi, rangi ya maji ya komamanga. La tatu lilichelewa mpaka daktari akatabasamu.

"Imesikia," akasema.

Bi Hadda alilia kwa sauti, kama wanavyolia wanawake wa kwetu, bila kuona haya, na Ghizlane akainuka akamkumbatia kichwa. "Magharibi imefika," akamwambia. "Sikuchukii tena."

Asubuhi sista akaja na mkasi na pamba. "Vuta pumzi. Sasa itoe." Ghizlane akauvuta. Mpira ukatoka, na ukazidi kutoka, mrefu kuliko alivyodhani, na Bi Hadda akaukodolea macho, asiamini kwamba kitu chote kile kilikuwa kimelala ndani yake kama mpangaji. Kilibaki kitundu kidogo tu, na Ghizlane akakifunika. Kisha akamfundisha kukaza paja, kukanyaga hewa kwa kifundo ili damu isigande, na kulikunja goti akilisaidia kwa mikono. Lilikunjika. Kidogo, kwa shida, na matusi mawili matatu, lakini lilikunjika.

Hapo ndipo Zhor alipotokea mlangoni. Ukumbini walikwisha mwambia yote, na walimpekua kikapu. Alisimama huku shungi limemlowa machozi. "Nusura nikuue," akasema.

"Hukuniua. Ulinipika tu. Ingia."

"Siingii mpaka unisamehe."

"Nimekusamehe, lakini ukilia utamwudhi sista, na huyu ana mkono mzito. Ingia uone."

Ghizlane akaleta chuma cha kutembelea, kile chenye miguu minne. Bi Hadda akateremsha miguu. Akashika. Akasimama.

Tusidanganyane, iliuma. Iliuma mpaka akaona nyota mchana. Lakini chini ya maumivu yale palikuwa na kitu kigeni, na alikaa kidogo kabla ya kukitambua: mguu ulikuwa umenyooka, na ulikuwa umembeba. Hauchezi. Hauendi pembeni. Akaupa uzito kidogo, ukapokea. Akaupa wote, ukapokea wote.

"Miguu mitupu kwenye sakafu!" Zhor akapiga kelele. "Utaingiwa na... Ngoja." Na kabla hajazuiwa alikuwa keshapiga magoti mbele yake, akimvisha viatu, cha kushoto, cha kulia, akimpangusa vumbi visigino, mabega yakienda mbele na nyuma kama wafanyavyo kazini.

Bi Hadda akatazama chini. Hajawahi kumwona mtu kutoka juu hivyo, si kwa kazi yake. Aliuona mgongo mpana uliokunjamana, shingo iliyoinama, nyayo mbili zilizopasuka zimegeukia juu. Basi hivi ndivyo nilivyokuwa, akawaza. Wote wale walioniona, hiki ndicho walichokiona.

"Zhor, inuka."

Zhor akajaribu. Akaweka mkono sakafuni, akainua makalio, akarudi chini. Akajaribu tena. Akacheka kicheko cha aibu, ambacho Bi Hadda alikijua vizuri, maana kilikuwa chake.

"Mwache, nitamnyanyua," Ghizlane akasema.

"Usimnyanyue," akasema Bi Hadda. Akakaza mikono kwenye chuma, akapanua miguu, akaukanyaga mguu ule mpya mpaka meno yakasagana. "Shika hapa kwangu. Panda."

"Nitakuangusha!"

"Panda, nimekwambia. Sianguki."

Zhor akashika chuma, mkono mmoja, halafu wa pili, akajivuta akiguna, na uzito wake wote ukamjia Bi Hadda gotini. Goti likakaa. Walipokuja kulingana nyuso walikuwa wanahema wote wawili, pua kwa pua, jasho linawatoka.

"Inauma?" Zhor akauliza.

"Sana."

"Nije na mimi?"

"Uje kesho, usingoje." Akampangusa machozi kwa kidole kimoja, mkono wa pili haukuthubutu kuachia. "Sasa sogea, umeniziba njia."

Zhor akasogea, na Bi Hadda akapita.